Mbayuwayu Wameniacha Berlin

Kalunde mdogo wangu,

Marahaba! Najua bado hujaniamkia, lakini nimeshaitikia, maana shikamoo yako tangu utotoni lazima mtu aivute kwa kamba. Hujambo? Goti lako je, lile linalouma siku za kulima na kupona siku za harusi? Na shemeji, bado anakoroma mpaka mbuzi wanataka kuhama zizi? Mimi mzima. Tena si mzima tu, kaka yako amepata cheo. Wakubwa wa jiji hili la Berlin wamenikabidhi bustani yao kubwa, ile yenye ziwa katikati, niwe msimamizi wa ndege wote wanaoingia na kutoka. Nina kofia na filimbi. Hakuna ndege anayeruka bila mimi kujua.

Haya, nimekuongopea. Nilitaka uyasome hayo kwa sauti mbele ya majirani kabla hujafika hapa. Kofia ni ya sufu, ya binti yangu Magda, ina kishungi juu kama jogoo. Filimbi ni mdomo wangu huu huu wenye pengo. Kazi yangu ni kukaa kwenye benchi, na hata kukaa kwenyewe kumenishinda. Nakaa, nainuka, nazunguka ziwa, narudi, nakuta benchi limepoa, naudhika, nazunguka tena. Wazee wenzangu wa huku wanakaa na gazeti toka asubuhi mpaka mchana, wametulia kama magunia ya tumbaku yanayosubiri mnunuzi. Mimi matako yangu hayakuumbwa kwa kazi hiyo.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu binti yangu hukaa kando anasikiliza, na kila nikifungua mdomo kusema jambo anadakia, "Shangazi, Baba anaendelea vizuri sana!" Barua hii anakuja nayo mama mmoja wa Gongoni, hapo Tabora mjini, aliyekuja kumwona mwanawe. Isome peke yako, na miwani yako mwenyewe, usimpe katekista akusomee.

Unakumbuka nilivyoaga. Nilisema nakwenda kumsalimia Magda, nitarudi karanga zikiwa bado shambani. Sikujua kwamba moyo nao una mipango yake. Nikaanguka kwenye ngazi za nyumba yake, na kabla sijamaliza kutukana nikajikuta hospitali, wamenishonea kidude chini ya ngozi ya kifua, kidogo kama kiberiti, kazi yake kuushtua moyo ukisinzia. Daktari akasema nisipande ndege kwanza. Hiyo "kwanza" yake, Kalunde, imekula kiangazi na masika yenu, na bado ina njaa.

Sasa sikia habari za bustani. Nilipofika majani yalikuwa yanadondoka, na ndege wa angani wote wanaelekea kusini, huko nilikotoka. Nikasema, kumbe tumepishana njiani bila hata kusalimiana! Wakabaki bata na kunguru. Kunguru wa huku ni wezi walewale, ila wetu wana fulana nyeupe, hawa wamevaa koti la kijivu kama karani wa zamani. Ziwa likaganda, bata wakawa wanatembea juu ya maji kama mitume, wanateleza, wanaanguka kifudifudi. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakaganda ndevuni. Halafu nikaacha kucheka, maana siku zilizofuata hapakuwa na kingine cha kutazama, na mtu hawezi kumcheka bata mmoja miezi yote.

Hata majani yalipoanza kuchungulia, asubuhi moja nikasikia sauti juu ya lile banda wanamoweka mitumbwi ya kukodisha. Natazama, mbayuwayu! Mkia umepasuka katikati, koo jekundu, walewale wanaokaa kwenye nyaya za umeme mbele ya nyumba yako mvua zikianza. Nikapanda juu ya benchi na viatu vyangu nikapaza sauti: "Karibuni! Kijijini Ntalikwa hawajambo? Kalunde ameshalipa madeni ya watu?" Mama mmoja akamvuta mbwa wake akapita mbali.

Siku hiyo jioni nikamwambia Magda, "Mwanangu, hawa wamekuja. Wakiondoka, naondoka nao."

"Daktari akikubali, Baba."

"Akikubali."

Tukapeana mikono kama watu wa mnadani. Tangu hapo nikawa nawachunga wale ndege kuliko nilivyowahi kuchunga ng'ombe wa baba. Wakijenga kwa tope, nipo. Wakilisha watoto, nipo. Mtoto mmoja alidondoka, mwenye mitumbwi akapanda ngazi kumrudisha, na mimi nikawa chini namwelekeza kwa Kinyamwezi, na alinielewa.

Ila kuna jambo lilinipata humo bustanini, na ukilisimulia huko nitakukana. Ilikuwa jua limewaka kweli, siku ya kwanza kutoka bila koti. Nikasikia ndege ananipigia kelele kichakani, cha-cha-cha-cha, kama mtu anayetikisa kiberiti. Anaruka mti huu, ananitazama, anapiga kelele, anarukia wa mbele. Kalunde, wewe umekulia kwenye mizinga kama mimi, ungefanya nini? Nikasahau niko wapi. Nikashika fimbo yangu, nikaanza kugonga vigogo, ko, ko, huku napiga mluzi, namjibu, "Twende baba, twende, fungu lako lipo." Watu waliolala nusu uchi kwenye majani wakainuka kunitazama. Sikujali. Nilimfuata ndege wa asali katikati ya Berlin!

Na asali nikaiona. Nyuma ya miti kuna uzio, ndani yake masanduku yamepangwa, nyuki wanaingia na kutoka. Geti liko wazi. Nikaingia, nikainama, nikanusa. Harufu ileile ya porini kwetu, ya nta iliyopata joto. Nikafumba macho nikakaa hivyo hivyo nimeinama, sijui muda gani. Nilipofumbua, mbele yangu amesimama bibi wa Kizungu, rika lako, amejitanda chandarua usoni, mkono mmoja kiunoni.

Nikampigia Magda simu.

"Baba, uko wapi tena?"

"Niko kwenye mizinga."

"Mizinga ya nani?"

"Ya bibi mmoja, amevaa chandarua. Mwambie sikuja kuiba, nimeletwa na ndege."

Magda akasema taratibu, "Baba, umekunywa dawa zako?"

"Mwambie, Magda!"

Akamwambia. Yule bibi akasikiliza, akauliza ndege wa namna gani, nikaigiza sauti. Akacheka mpaka chandarua kikatikisika. Magda naye akaanza kucheka kwenye simu, akanitafsiria: yule ndege hakuwa ananiongoza popote. Ana vifaranga wake kichakani, alikuwa ananitukana niondoke, na mimi kila tusi nikalijibu kwa mluzi. Ndege wa asali huku hawapo kabisa.

"Haya," nikasema, "basi huyu amenitukana mpaka kwenye asali. Kwetu hilo linatosha."

Bibi huyo akanipa kipande cha sega kwenye karatasi. Nikakimega, fungu moja nikaliweka juu ya nguzo ya uzio. Akauliza la nini. Nikamwambia Magda amweleze kwamba kwetu ndege akikufikisha kwenye asali lazima umwachie chake, ukimnyima, safari nyingine anakufikisha kwa nyoka. Bibi akasema ndege wa huku hawali nta. Nikamwambia huyo atajua mwenyewe, mimi nimetoa. Kesho yake fungu halikuwepo. Yeye anasema panya. Sikubishana naye, maana tangu siku hiyo ananiachia nimshikie moshi akifungua masanduku, na hiyo ndiyo saa pekee ya wiki ninayotulia mahali pamoja.

Basi kiangazi chao kikaanza kuchoka. Mbayuwayu wakaanza kukusanyika kwenye waya wa banda la mitumbwi, wazazi na watoto, wanapangana, wanasukumana, wanaruka wote, wanarudi. Na mimi nikawa hivyo hivyo. Usiku Magda ananisikia natembea sebuleni. Nilishafunga begi, nikalifungua, nikalifunga. Viatu vya safari niliviweka mlangoni, yeye anavirudisha chini ya kitanda, mimi navitoa. Hatusemezani kuhusu viatu.

Siku ya daktari ikafika. Nilivaa shati jeupe. Daktari akanisikiliza kifua, akatazama mistari kwenye mashine, akazungumza kirefu. Alipomaliza, Magda akanitafsiria kwa maneno machache mno.

"Amesema moyo haujakaa sawa. Usisafiri mwaka huu, Baba."

"Na hayo mengine yote aliyosema?"

"Ni hayo hayo."

"Muulize huo mwaka wangu unaisha lini."

Hakumuuliza. Alikuwa anatazama dirishani, mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua mzigo. Nikaelewa, mdogo wangu. Huyu mtoto kazi yake ni kuogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kutwa nzima. Akirudi, ananikuta mimi namkosoa ugali wake. Kabla sijaja alikuwa anarudi kwenye nyumba yenye giza. Alikuwa anaogopa daktari atasema ndiyo. Sikumkasirikia. Nilimkasirikia daktari, halafu nikaukasirikia moyo wenyewe, nao ukapiga tu vilevile kwa kusukumwa na kiberiti chake. Babu yetu alibeba mzigo begani toka Tabora mpaka pwani, akarudi kwa miguu yake, akaoa tena. Mimi nimeshindwa hata kuvuka hadi uwanja wa ndege.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda bustanini mapema. Walikuwa bado wapo wachache kwenye waya. Nikawaelekeza. "Mkifika Ujiji geukeni kushoto, fuateni reli, ndiyo njia ya misafara ya kina babu. Mkifika Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo msitue, watoto wana manati. Songeni mpaka Ntalikwa, nyumba yenye mwanamke anayefoka." Nilipozunguka ziwa na kurudi, waya ulikuwa mtupu. Magda alinikuta hapo benchini. Aliketi, akanivalisha ile kofia yenye kishungi. Nikakaa naye. Nilikaa muda mrefu, Kalunde, ungeona ungeshangaa. Halafu nikainuka nikazunguka tena.

Nisalimie shemeji, mwambie akoromee upande wa ukuta. Nisalimie mama mdogo, mjane wa baba mdogo, mwambie matobolwa ya viazi vikavu aliyonifungia niliyala yote kabla ya Krismasi na sikumpa mtu. Mjukuu wangu fundi viatu kule Ng'ambo mwambie soli aliyoniwekea imehimili barafu. Na katekista mwambie bado nasali, ila kwa haraka, kwa ajili ya baridi.

Sasa nakuja kwenye haki yangu. Hujasahau mtungi wa mama, ule wa pombe ya arusi, uliopasuka mikononi mwako, nawe ukakimbilia ghalani. Fimbo nilizila mimi, na wewe nilikusikia huko ndani unacheka. Hujawahi kunilipa mpaka tumeota mvi. Nilipe sasa. Shemeji akishusha asali kwenye mizinga yangu, chukua kipande kimoja cha sega, chenye wale funza weupe, usichague kibovu. Kiweke juu ya kile kisiki chini ya ule mti wa muyombo. Umwambie ndege wa asali kwa sauti kwamba hicho kinatoka kwa Maganga, hajafa, amecheleweshwa, na mwakani atahitaji kuongozwa kama kawaida.

Na usikilambe njiani. Nakujua.

Kaka yako,
Thadei Maganga
msimamizi wa bata na kunguru