Asizikwe Kabla ya Mtihani

Jumatatu, 2 Juni

Mfumo wa forodha umelala tena. Malori yamepanga foleni tangu jana, na madereva wanakuja dirishani kunitazama kana kwamba ni mimi niliyeuzima. Busia nzima inangoja. Mimi nasoma. Kitabu cha takwimu kiko chini ya meza. Bosi akipita nakifunika kwa karatasi za mzigo wa saruji. Mtu mzima, baba wa watoto, najificha kusoma.

Mtihani wa jumla ni Ijumaa ya wiki ijayo, kwenye tawi la chuo pale Tororo. Nayaandika masharti yao hapa, labda yataacha kunizunguka kichwani. Upasi masomo yote ya darasani. Uandike makala za semina. Upasi mtihani wa jumla. Hapo ndipo tasnifu yako itakaposomwa, kisha uitetee mbele yao. Masomo nilipasi. Makala niliandika. Tasnifu iko tayari tangu mwaka jana, inahusu akina mama wanaovusha nyanya hapa mpakani, na inalala juu ya kabati ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna atakayeifungua bila mtihani huu.

Mara ya kwanza nilianguka. Muda wa kozi nao ulikwisha, nikaomba nyongeza, wakanipa, na nyongeza yenyewe inaisha mwezi huu. Safari hii nikianguka au nikikosa, shahada ya uzamili basi. Naogopa.

Alhamisi, 5 Juni

Nilikwenda Buteba kumwona Baba. Amekonda, miguu imevimba. Mdomo mzima kabisa. Hata sijakaa, akaanza: "Wandera, bado hujatoka darasani? Hizo mvi zitahitimu kabla yako." Wote wakacheka, hata mke wangu Athieno. Nilikasirika, na nikaona aibu kumkasirikia mgonjwa. Miaka yote mzaha ni huohuo. Hajawahi kuuliza nasoma nini.

Uani kuna jogoo wake mweupe, mkubwa, anadonoa wageni. Athieno aliuliza kwa nini hawamchinji mgonjwa apate mchuzi. Shangazi Taaka akasema Baba amekataza, jogoo ana mwenyewe. Tulikula maharage.

Jumapili, 8 Juni

Baba amefariki alfajiri. Shangazi alipiga simu, nikasikia kilio tu.

Siwezi kuandika.

Jumatatu, 9 Juni

Kikao cha ukoo. Nilidhani tutamzika Jumatano, kama watu wengine. Akasimama Baba Mkubwa Ojambo, kaka yake Baba, kofia mkononi. Alisema Baba alimwita Jumamosi jioni, wakiwa wawili tu, akamwachia neno. "Muzee alisema na mdomo yake. Kama nakufa, mungoje. Hakuna kunizika mpaka Wandera namaliza ile mutihani."

Hakuna aliyebisha. Neno la marehemu kwetu halichezewi. Kuna watu wa boma moja hapo bondeni waliopuuza neno la mama yao kuhusu mahali pa kaburi, na hadi leo mtoto akishikwa homa pale, watu wanajua inatoka wapi.

Basi Baba amepelekwa chumba cha maiti. Mazishi ni Jumamosi, siku moja baada ya mtihani. Waombolezaji wanabaki.

Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Si kwa huzuni peke yake, kwa hasira pia. Mtu aliyenicheka miaka yote. Kwa nini hakuniambia mimi?

Jumatano, 11 Juni

Nasoma matangani. Watu wanapita kwa kunyata. Watoto wakicheza wanafukuzwa, mwacheni, anasoma. Mzee mmoja nisiyemfahamu alikuja kunipa pole, akanitakia na mtihani mwema papo hapo.

Wanawake wanapika tangu asubuhi. Mihogo ya Baba inang'olewa mstari kwa mstari. Kila sufuria inayotelekwa inatelekwa kwa ajili yangu. Nasoma ukurasa mmoja, nafika chini, sikumbuki juu palikuwa na nini. Sitapasi. Lakini angalau nitaufanya, na Baba atalala mahali pake.

Ijumaa, 13 Juni

Sina hakika nataka kuandika haya.

Asubuhi Baba Mkubwa aliniwekea mkono kichwani, akaomba. Ukoo mzima ulisimama kunisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Nilivaa koti la Baba.

Tororo nilikuta chumba cha mtihani kimefungwa. Mlangoni karatasi imebandikwa, gundi bado mbichi. Walimu wamegoma. Mitihani yote imesimamishwa mpaka itakapotangazwa. Mlinzi alisema niende nyumbani nikapumzike.

Nilikwenda kukaa chini ya ule mwamba mkubwa wa Tororo na kalamu zangu mfukoni. Niliwaza mgomo wa juzijuzi, ulivyokula muhula karibu wote. Niliwaza lile jokofu la maiti na umeme unavyokatika. Baba amelala mule kwa sababu yangu, na sasa alale mpaka lini? Nilifikiri nitakavyosema: mtihani umeahirishwa, tuketi, tuzungumze. Nilifanya mazoezi ya maneno hayo njia nzima, nyuma ya bodaboda.

Walikuwa wakinisubiri penye mlango wa boma. Vijana walishika majembe na sururu, tayari kuchimba. Shangazi Taaka alishika sahani ya chakula changu. Baba Mkubwa akaja mbele. "Umemaliza?"

Nikasema, "Nimemaliza."

Hivyo tu. Vigelegele vikapigwa. Vijana wakaenda kuchimba. Sikuwa nimepanga.

Jumamosi, 14 Juni

Tumemzika. Watu walijaa mpaka chini ya migomba. Baba Mkubwa alitangaza kwamba Muzee anakwenda kwa amani, neno lake limetimizwa. Akanisimamisha nionekane. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo udongo wa kwanza ni wangu. Nusu yake ilimwagika kwenye viatu vyangu. Walisema ni uchungu.

Nilimwambia Athieno ukweli, nyuma ya jiko. Akasema nisimwambie mtu. Mtihani ukitangazwa nitakwenda kimyakimya kama mtu anayerudi kazini. Nilimshukuru. Ni mpango mzuri, mgomo ukidumu kidogo tu, mpaka matanga yaishe. Leo nimeomba mgomo udumu. Mimi.

Jumapili, 15 Juni

Ujumbe umeingia kwenye kundi letu la darasa baada ya ibada ya hapa nyumbani. Mgomo umekwisha. Mtihani wa jumla ni Jumanne saa tatu asubuhi.

Kunyolewa kwa wafiwa ni Jumatano. Tangu kaburi lifukiwe mpaka anyolewe, mzaliwa wa kwanza hatoki nje ya boma. Analala penye moto, anakula hapo, anangoja. Anayetoka kabla anaita kifo kingine.

Nilisoma ule ujumbe mara nyingi. Watu wengine kundini wameweka vikatuni vya kushangilia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeandikia ofisi ya chuo. Nimefiwa, niko kwenye mila, naomba nipewe siku nyingine. Walijibu upesi, na kwa adabu. Pole sana kwa msiba. Muda wako umeshaongezwa mara moja na kanuni haziruhusu mara ya pili. Asiyefika kesho atahesabiwa kuwa ameanguka. Siwalaumu. Kanuni zao nilizitia sahihi mwenyewe.

Athieno anasema niende. Yeye atawaambia watu tumbo limenishika, anikodie bodaboda ya kwenda hospitali, nipande hapo, nishukie Tororo. Tumegombana kwa kunong'ona. Anasema miaka yote hii alilea watoto peke yake kila Jumamosi ili nikae darasani, na sasa naitupa kwa sababu ya wembe. Ana haki.

Je, mimi naamini kwamba nikitoka mtu atakufa? Sijui. Mchana siamini. Lakini mke wa mdogo wangu ni mjamzito, analala nyumba ile pale, namsikia akikohoa.

Tena si hilo tu. Wakinikamata njiani nitasema nakwenda kufanya nini? Mtihani? Mtihani nilimaliza. Nikisema kweli, basi Baba tulimzika kinyume cha neno lake, na hafukuliki. Baba Mkubwa alisimama mbele ya watu wote akaapa neno limetimizwa. Mzee yule nitamweka wapi? Kila homa, kila ng'ombe atakayekufa, kila mimba itakayoharibika itakuwa yangu.

Sitakwenda. Nimeandika ili nisibadilishe.

Najichukia.

Jumanne, 17 Juni

Niliamka mapema bila sababu. Nilioga.

Vijana walikuwa wanakunja turubai. Baba Mkubwa alikuja kukaa karibu nami penye moto, akaniambia Muzee aliacha na neno la pili, ila hili halikuwa la kikao. Lilikuwa la leo, wageni wakishatoka. Yule jogoo mweupe alikuwa wangu. "Alifuga huyo tangu kifaranga. Alisema, siku kijana yangu namaliza darasa, munachinjia yeye. Alikuwa nakucheka, lakini kila mutu alipita hapa, aliambia yeye wewe nasoma kitu kubwa."

Walimchinja.

Saa tatu pale Tororo waligawa karatasi. Nilikuwa natazama saa. Sikuiona njia, miti imeziba, lakini nilisikia malori yakibadilisha gia kwenye barabara kuu. Muda si mrefu Shangazi Taaka akanipigia magoti, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, akaniwekea sahani. Firigisi ilikuwa juu ya ugali, peke yake. Akaniita mwenye digiri mbili. Watoto wakaambiwa wanitazame vizuri.

Nilitazama upande wa Athieno. Alikuwa anasugua sufuria, hakuinua kichwa.

Nikala. Jogoo alikuwa mzee, nyama ngumu, nilitafuna muda mrefu. Baba Mkubwa alingoja mpaka nimeze ndipo akaanza kula yeye. Aliniuliza kama chumvi inatosha, nikamwambia inatosha.

Mchana mvua imenyesha kidogo, udongo wa kaburi umeshuka. Nimeongeza makoleo machache. Kesho tunanyolewa.