Skrubu Mgongoni mwa Selo ya Baba

Kaka Omuse,

Nakusalimu kwanza, maana Mama alitulea vizuri. Natumai hapo Chakol mmeamka salama, mvua imeshika, na goti la Mama limepata nafuu. Mimi huku Ujerumani ni mzima, ila baridi imenipasua midomo. Lakini nimekasirika, kaka, na kwenye simu ningekukosea adabu.

Selo niliyomtumia Baba, hiyo fidla kubwa ya kupigwa kwa upinde, niliichonga mwenyewe. Ubao wa mbele niliukwangua polepole, nikiugonga kwa kidole hadi ukaitika. Mgongo nao niliufanya mwembamba makusudi, utetemeke, kwa sababu masikio ya Baba yamekwisha. Unakumbuka alivyokuwa akijaribu kila adeudeu aliyotengeneza: analaza shavu kwenye mbao ya kinubi, anagusa uzi, anafumba macho. Nilitaka aisikie kazi yangu hivyo hivyo, kwa shavu, angali hai.

Lori lilikwama kwenye foleni hapo Malaba, jua likaipiga selo, ubavu ukaachana na mgongo. Hilo nililitarajia. Gundi yetu sisi mafundi wa ala ni ya ngozi ya ng'ombe, nayo joto likizidi huachia yenyewe, mbao isije ikapasuka. Unaichemsha nyingine, unapaka, unabana, basi. Nilikuomba usiiguse mpaka nikuelekeze. Wewe ukanitumia sauti kwa simu, unacheka:

"Bro, hii kitu ilikuwa imefunguka kwa side, nikaona aibu. Nimeweka white glue na skrubu refu huko nyuma, nikapiga ile vanishi ya jeneza. Sasa iko strong, hata lori ikanyage."

Nani alikuambia lori litaikanyaga? Selo si kitanda, kaka. Umeibana mpaka imekosa pumzi. Karakana yako ndiyo iliyonifundisha kushika randa, na hapo ndipo panaponiuma. Angekuwa fundi mwingine ningemcheka tu.

Juzi binti yako Amoit alinipigia video. Baba aliinama akalaza shavu mgongoni mwa selo, Amoit akapitisha upinde. Baba akangoja. Akahamisha shavu, akangoja tena. Kisha akapapasa kichwa cha skrubu kwa kidole, akasema, "Mwambie mtoto ni nzuri. Inang'aa."

Omuse, tangu tuzaliwe umewahi kumsikia Baba akisifu chombo kwa kung'aa?

Sasa usiing'oe skrubu hata moja. Nakuja Krismasi na visu vyangu. Nitaifungua yote, na wewe utakaa hapo kando yangu unichemshie gundi, pamoja na ukubwa wako wote.

Nisalimie Mama, na shemeji yangu anayewavumilia nyote hapo nyumbani. Amoit mwambie upinde ameushika vizuri.

Baba usimweleze habari za gundi. Mwambie tu selo haijaisha, anisubiri.

Mdogo wako, bado nakuheshimu,
Okitwi