Mkono wa Kushoto wa Mwanao

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Uliposafiri uliniagiza nisikufiche lolote, nami naahidi kukuandikia yote, matamu na machungu. Kwanza, u hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, na mwanao ananyonya vizuri, basi usishtuke kwa utakayosoma.

Tangu wifi atoke hospitali kujifungua, mtoto alikuwa akirusha mkono wa kulia tu. Wa kushoto aliulaza ubavuni. Tulidhani ni mapozi yake. Mama akawa anamtania, "Mume wangu huyu ana maringo! Ananipungia mkono mmoja kama bosi." Tukacheka sote.

Juzi niliangusha mfuniko wa sufuria. Mtoto akashtuka, mkono wa kulia ukaruka juu, wa kushoto haukutikisika. Hapo nikakumbuka kuwa nikimvalisha, hulia kila tunapofika mkono huo. Nikamwambia Mama. Alimpapasa taratibu chini ya shingo, akakuta kinundu. Hakutania tena.

Tulimkimbiza hospitali, na eksirei ilionyesha kuwa mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani kwenda begani, umevunjika. Daktari alimpa kidole, naye akakikamata kwa mkono huohuo. Tukaambiwa hiyo ni dalili njema. Ana mabega mapana kama yako, kwa hiyo alibanwa wakati wa kuzaliwa. Hahitaji plasta, mfupa utaunga wenyewe baada ya wiki chache. Tunabana mkono wa shati kifuani kwa pini, tunaanza kumvalisha upande huo, na hatumnyanyui kwa makwapa.

Ila wifi hasadiki. Anasema ni yeye aliyemvunja kwa kumbeba vibaya. Hunyonyesha mimi nikiwa nimemshikia mtoto, kisha huniambia, "Mchukue, wifi, wewe una mikono salama." Nilipomwambia nakuandikia, akasema, "Mwandikie. Ila sijui ataniona mama wa namna gani."

Baba anakusalimu, na Mama anasema ule ushibe. Shangazi naye anauliza kama huko kuna baridi. Mungu akutangulie kazini na akurudishe kwetu salama.

Nijibu upesi, Kaka, nami nitamsomea wifi kwa sauti: je, ungekuwa hapa leo, ungempa yeye mtoto ambebe?

Akupendaye siku zote,
Kitindamimba wenu