Sabini Isiyosogea

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijaenda mbali, ujue kwamba barua hii imeandikwa na mtu ambaye hivi karibuni, kwa wiki sita nzima, alibeba jukumu zito kuliko la waziri. Waziri akikosea, anahamishiwa wizara nyingine. Mimi ningekosea, hewa yenyewe ingeharibika. Nitakueleza taratibu. Kwanza nambie, goti linaendeleaje? Shemeji bado anakohoa asubuhi? Na wapwa zangu, bado wanasema mjomba anatia chumvi? Mimi ni mzima wa afya, nakula, nalala, na ile suruali uliyonishonea imeanza kunibana kiunoni.

Sasa, kisa chenyewe. Unamjua Mzee wangu, yule mpima ardhi mstaafu ninayemlindia nyumba mwaka wa kumi na tisa huu. Alisafiri kwenda kupasuliwa macho, maana yalikuwa yameingia ukungu kiasi cha kusalimia koti lililotundikwa. Siku ya kuondoka aliniita chumba cha vitabu akanionyesha sanduku na kunikabidhi ufunguo wake. Dada, hilo sanduku lina ukubwa wa redio ya zamani, ndani limepigwa mbao ya mwerezi, ukilifungua linanukia kama penseli mpya. Mlikuwa na sigara kumi na moja, zile nene za majani matupu ya tumbaku. Marehemu mke wake ndiye aliyemnunulia, ishirini kwa jumla, mwaka ule aliofariki. Mzee huvuta moja tu kila mwaka, tarehe waliyooana, akiwa amekaa barazani nyuma ya nyumba. Aliniambia zimebaki za miaka kumi na moja na yeye ana nia ya kuimaliza yote.

Akanieleza kwamba sigara hizo zinaishi kwa unyevu. Zikikauka zinapasuka na kuungua kama gazeti. Zikilowa zinaota kuvu. Zinataka unyevu wa sitini na tano mpaka sabini kwa mia, basi. Kwenye kifuniko kuna kipimo kipya, kidogo kama kiberiti, chenye tarakimu kubwa alichonunua kwa ajili ya macho yake. Pembeni kuna kisponji cha kulowesha mara moja kwa wiki kwa maji ya duka la dawa, siyo ya bomba. Akasema kazi hii hawezi kumpa mtu mwingine. Kusema kweli alisema hakuna mtu mwingine wa kumpa, lakini maana ni ile ile.

Wiki ya kwanza nilisoma kipimo kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Sabini. Sabini. Sabini. Nikamwambia mpishi wetu, tunayemwita Hakimu kwa kuwa hakuna mtu ambaye hajamhukumu, kwamba sanduku limeutambua mkono wangu na limetulia. Akanijibu kwamba hata friji lake hubadili mawazo mara tatu kwa siku, hivyo nisijisifu kabla sijajua ninajisifia nini.

Neno hilo lilinikera, lakini pia lilinichokonoa. Unanijua, kitu kikinichokonoa silali. Kwenye kijitabu cha kipimo kulikuwa na picha za kukijaribu: unaweka chumvi kwenye kizibo cha soda, unaidondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, unaifungia ndani ya chupa ya mdomo mpana pamoja na kipimo mpaka kesho yake. Kikiwa kizima lazima kisome sabini na tano. Waambie wapwa zangu safari hii chumvi nilitia kweli. Kesho yake nikafungua, kikasoma sabini.

Hapo nikapiga hesabu, maana darasa la tano nililoishia lilikuwa la tano la zamani. Kama kinapunguza tano, basi sanduku linaposema sabini, ukweli ni sabini na tano. Maji yamezidi, kuvu ipo njiani. Nikatoa kisponji. Sabini. Nikaacha kifuniko wazi mchana kutwa. Sabini. Nikaweka kikombe cha mchele mkavu ndani ili unyonye. Sabini, dada, haikutikisika.

Nikaona hapa pana jambo ambalo wasomi hawajalifikia. Nikakichukua kipimo nikazunguka nacho. Nikakishika juu ya birika linalochemka: sabini. Juu ya bati saa saba mchana: sabini. Kwenye pipa la unga la Hakimu, sabini, na nikafukuzwa jikoni. Kwenye kwapa langu mwenyewe, sabini. Nikaamua kwamba ulimwengu mzima, ukiupima kwa mkono uliotulia, una unyevu wa sabini. Fundi cherehani wa mtaa wa pili aliposikia, aliniomba nimpimie duka. Nikampimia. Alifurahi, akaandika kwenye kipande cha boksi kwamba vitambaa vyake vinahifadhiwa kwenye hewa iliyopimwa na mtaalamu. Mtaalamu ndiye mimi.

Sasa dada, kama unawasomea watoto kwa sauti, ishia hapo. Watume dukani.

Wiki ya tano Hakimu alikanda unga wake wa mkate, haukuumuka. Akasema nilete hicho kidude changu, atazame kama jikoni pamekauka. Akakishika, akakitazama, akakisugua kwa kidole gumba kama mtu anayetoa uchafu kwenye sahani. Ukucha wake ukanasa pembeni. Sabini ikabanduka, dada. Ikabanduka yote nzima, kama utando wa maziwa yaliyopoa, ikabaki imening'inia kwenye kidole chake. Ilikuwa ni nailoni tu, waliyoibandika kiwandani na kuichapa tarakimu ili mnunuzi aone zitakavyokaa. Chini yake kulikuwa na kioo chenyewe, na kioo kilikuwa kinahesabu kimya kimya wiki zote hizo bila mtu wa kukisoma.

Nilitegemea acheke, na ningeshukuru. Hakucheka. Aliniuliza Mzee anarudi lini. Nikamwambia baada ya siku tisa.

Tulikirudisha sandukuni tukasubiri. Kikasoma arobaini na tisa. Nikachukua sigara moja nikaibonyeza kidogo karibu na sikio, ikalia kama ganda la kitunguu. Nyingine ilikuwa imepasuka kutoka nchani mpaka katikati. Sitakuficha, nilikaa chini sakafuni. Siyo kwa kuogopa kufukuzwa. Nilimkumbuka marehemu alivyokuja na kifurushi kile, amekifunga kwenye khanga, akaniomba nimfichie chumbani kwangu wiki nzima ili mumewe asikione. Mimi ndiye niliyezitunza kwanza, na sasa mimi ndiye niliyekuwa naziua.

Nilitaka kuzinyunyizia maji papo hapo. Hakimu akanishika mkono. Akaniambia majani hayo ni kama ngozi ya mikono yake msimu wa upepo, ukiloweka ghafla inachanika zaidi, kwa hiyo nilete kisponji na matone machache, leo kidogo na kesho kidogo. Nikafanya hivyo, na ule mchele nikautoa. Siku ya kwanza hamsini na moja. Ya pili hamsini na tatu. Nikawa nakaa mbele ya sanduku kama mtu anayeangalia mpira. Nikifungua kifuniko tu, namba inashuka. Hakimu akichemsha kitu na mlango wa jikoni uko wazi, inapanda. Akipiga deki, inapanda. Jua likigeukia dirisha lile, inashuka. Sikuwahi kujua kwamba chumba kina hali zake kama binadamu. Miaka kumi na tisa naifunga na kuifungua nyumba hii, kumbe ilikuwa inavuta pumzi. Siku ya tisa asubuhi nikakuta sitini na sita.

Mzee akarudi amevaa miwani myeusi, akasimama mlangoni akatusomea kalenda ya ukuta wa mbali ili tuone. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Nilikuwa nimetayarisha hadithi nzuri yenye panya na bati linalovuja. Haikutoka. Nilimwambia nilitoa kisponji kwa kudhani najua, nikazikausha, tukazirudisha pole pole, na moja imepasuka. Alinusa moja baada ya nyingine, zote kumi na moja. Kisha akasema kumi ziko salama, na ile iliyopasuka ataivuta mwaka huu, kwa sababu mkewe kwenye sahani ya matunda alikuwa anaanza na lililobonyea. Ufunguo wa sanduku akanirudishia mkononi.

Basi dada, nisalimie shemeji, mwambie aache kulala dirisha wazi. Wabusu wapwa zangu, na ukitaka kuwahadithia, wahadithie mpaka kwa fundi cherehani tu. Goti lipake mafuta ya moto, na unijibu mapema.

Limebaki moja, nalo nakuambia wewe peke yako. Mzee alikitazama kipimo muda mrefu siku ile. Alifungua kifuniko, akaona namba inashuka, akakifunga, akaona inapanda. Akasema kabla ya kupasuliwa, kila alipotazama aliona sabini, akadhani kimekufa, kumbe ni macho. Alimpigia simu binti yake palepale kuwasifu madaktari. Nami, na ile nailoni ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa shati langu, nilisema madaktari wa siku hizi wamebobea kweli. Ni wiki ya pili sasa, bado anawasifu, na bado sijamwambia.

Ni mimi mdogo wako.