Muda wa Kumenya Mhogo Mmoja

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakuamkia kwa adabu zote, ingawa mbele yangu ni karatasi tu. Vipi goti lako la kushoto, bado linakusumbua ukishuka bondeni? Korosho mmeshaanza kuokota? Na yule kuku mwekundu aliyekuwa anaatamia chini ya kitanda chako, ametotoa wangapi? Sisi huku wazima. Tumbo langu limeingia mwezi wa saba. Jioni miguu inavimba kidogo, lakini chakula kinapita, na huyu aliyemo ndani ametulia. Nikikwambia ametulia mama, ametulia mpaka naogopa, nambonyeza kwa kidole ndipo anajigeuza.

Hadija mdogo wangu, msomee mama polepole, na usiruke mahali hata kama unaona pananiaibisha.

Mama, barua yako niliipata Jumatano ya juma lililopita, nikiwa kwenye cherehani. Nikaisoma, nikaikunja, nikaendelea na kazi, kumbe nimepachika kola hata kwenye matundu ya mikono. Mwenye shati akaniuliza, "Dada, mimi nina shingo tatu?" Nikashindwa hata kucheka. Maana umeandika hivi: "Salima alikawia kulia muda wa kumenya mhogo mmoja. Kama hayo ndiyo yaliyomharibu mjukuu wangu, basi mikono yangu ina mkosi, na safari hii sitakuja. Huyo wa pili azaliwe kwa wenye vyombo."

Mimi niliuliza kama mtu anayeuliza bei na kupita, kumbe nimekuchoma. Nisamehe mama. Nataka nikueleze lile swali lilitoka wapi, tangu mwanzo, halafu ndipo uamue kuja au kutokuja.

Unajua nilipo. Bado nashonea pale kwenye baraza la duka la vifungo na nyuzi, la Mama Jaya, yule Mhindi niliyekuandikia habari zake. Kazi ipo. Siku hizi mji umefunguka, vitu vimejaa mpaka barabarani. Zile foleni za sukari na sabuni tulizopanga nilipokuwa mwali, ukiwahadithia watoto wa hapa wanadhani unatunga. Mkweo naye ameacha kutembeza bidhaa mkononi, amepata meza, anauza chupa za chai na saa za ukutani. Ila mezani humkuti. Mteja akija, jirani anapiga mluzi, mkweo anaibuka kutoka huko aliko. Mimi nilidhani ndiyo biashara ya Kariakoo ilivyo.

Na somo yako Salima, mama! Akiamka, nyumba nzima imeamka. Viatu anavaa kimoja, kingine anakikumbuka akiwa njiani. Ukimtuma chumvi anarudi na habari ya mtu aliyemwona njiani, chumvi hakuna. Nami siwezi kumkaripia kwa jina lako, mdomo unakataa, kwa hiyo namwita Bibi. Napiga kelele pale barazani, "Bibi, shuka juu ya meza! Bibi, acha mkasi!" Wateja wanageuka kumtafuta bibi kizee. Lakini mwambie Mama Jaya anataka kifungo cha buluu chenye matundu manne: Salima ameshafika kwenye droo yake kabla mwenyewe hajamaliza kusema. Zile droo zote amezishika kichwani.

Mwaka huu kaanza darasa la kwanza. Haukupita muda tukaitwa. Mwalimu mkuu akamsalimia kwa kumtania, "Mambo, Salima?" Naye akajibu, "Poa!" Nikamfinya. Mwalimu akacheka, kisha hakucheka tena. Akasema mtoto haketi. Anainuka katikati ya hesabu, anatoka nje, anajibu maswali ya wenzake, daftari lake lina mistari miwili ya juu na basi. Akasema, "Si mjinga huyu. Lakini akiendelea hivi, darasa la pili sitaweza kumpeleka. Mpelekeni hospitali wakamwangalie."

Tulirudi kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja. Hapo mkweo akasimama, akasema, "Ni ule uzazi wa Newala. Nilikwambia uzalie hapa, ukaenda kwenu. Mtoto alikosa hewa."

Nami nikamjibu, "Mwanamke hujifungulia mimba ya kwanza kwa mamake, ndivyo tulivyolelewa. Na kama ni kutafuta, tutafute na kwenu. Kwetu sisi watu wametulia. Mama yangu akikaa kuchambua mchele, kuku wanampanda mgongoni."

"Kwetu hakuna kichaa."

"Nani kasema kichaa?"

Basi, tukaanza. Asubuhi uzazi, jioni damu. Yeye akisema uzazi, mimi nasikia tumbo lako halikufaa. Mimi nikisema damu, yeye anasikia ukoo wako mbovu. Mama Jaya akatusikia siku moja akasema, "Mimi wa pili wangu alitangulia miguu, akatoka wa kijani kama bamia. Leo ametulia kama maji ya mtungini. Uzazi gani huo mnaosema?" Siku nzima nikatembea kifua mbele. Lakini usiku ule moyo wangu wenyewe ukaniuliza: na kama ni kweli? Ndipo nikakuandikia lile swali, kama Salima alikawia kulia alipozaliwa. Sikuwa nakushitaki mama. Nilikuwa natafuta cha kumjibia mume.

Sasa sikiliza yaliyotokea kabla jibu lako halijafika.

Tulikuwa mezani kwake, Jumamosi, watu wamejaa. Nikasikia mtu anaita, "Pia! Wee, Pia!" Nikadhani ni mtu anahesabu mzigo, hiki pia, kile pia. Mkweo akainamia saa zake kama mtu aliyepoteza sindano. Akaja mwanaume mmoja anasukuma mkokoteni wa magunia, jasho linamtiririka, akasimama mbele yetu.

"Wewe, umepata meza ndiyo hutuitikii? Si Pia huyu? Pia wa Mchinga!"

Mkweo akasema, "Bwana we, hilo jina liache."

"Niliache, nimelitoa mimi?" Akanigeukia. "Shemeji, hukuambiwa? Huyu tulisoma naye chuoni, Kurani. Alikuwa hakai! Mwalimu akamfunga kwenye nguzo ya ukumbi kwa kanga ya mamake. Akaizunguka nguzo mpaka kanga ikaisha, pua imegusa nguzo. Mwalimu kafurahi, ameweza. Mara mwenyewe kaanza kuzunguka upande wa pili, anajifungua! Kutwa nzima, kama pia ya kuchezea na uzi wake. Ndiyo Pia huyo."

Watu wa meza za jirani wanacheka, mimi namtazama mume wangu. Na wakati huohuo somo yako yuko chini, anauzunguka mkokoteni, mkono mmoja kwenye gunia, mara ya nne, mara ya tano. Yule mtu akamwona. Akashika kichwa.

"Lo! Na huyu Pia pia!"

Mama, mimi nilitaka kucheka kicheko cha ushindi. Nilikuwa nimekiandaa. Lakini nilipomwangalia mkweo, kikafa mdomoni. Alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu anayeona nyumba yake inaungua.

Nyumbani hakula. Akakaa, mara akasimama, mara akakaa. Akaniambia, "Chuoni nilifungwa. Shuleni nilichapwa mpaka nikaacha, darasa la nne. Mpaka leo jina langu likiitwa hivyo nasikia fimbo." Kisha akasema, "Nilitaka iwe uzazi, Rukia. Uzazi umepita, umekwisha. Kama ni damu, basi ni mimi niliyempa, na huyu wa tumboni je?"

Nikamwambia na mimi ukweli wangu. Kwamba nilitaka iwe damu yake, kwa sababu kama ni uzazi, basi ni mwili wangu ulioshindwa kumtoa mtoto kwa wakati. Tukatazamana, wote wawili waoga. Ndiyo siku ya kwanza hatukugombana.

Alhamisi tukaenda hospitali, kwa daktari wa watoto. Kufika ndani, Salima yuko juu ya mizani, anashuka anapanda. Baba yake kasimama, ameokota muhuri wa daktari mezani, anajigonga nao kwenye kiganja. Daktari akasema, "Kaa, bwana." Akasema, "Nimezoea kusimama. Daktari, ni uzazi au ni damu?"

Daktari akawatazama mmoja mmoja, wa kwenye mizani na wa muhuri. Kisha akatuuliza mambo mengi, ya kulala, ya kula, ya shule. Akasema hali hii ina jina refu la Kizungu, sikulishika. Kwa Kiswahili akasema ni mtoto ambaye akili yake inaruka kutoka jambo hadi jambo na mwili unaifuata. Si utundu, si laana, si malezi mabaya. Akasema, "Uzazi wa shida unaweza kuchangia, siwezi kuukataa. Lakini mara nyingi ni damu pia."

Mkweo akaitika, "Naam?"

Mama, nilicheka mpaka nikashika tumbo, daktari akadhani uchungu umeanza! Ikabidi tumweleze. Naye akacheka, akaturudisha kwenye habari. Akasema kwa Salima wetu hakuna anayeweza kupima leo akasema hiki kimetoka kwenye uzazi, hiki kimetoka kwa baba. Wanaosema wanabahatisha.

Barua yako ilikuwa imefika jana yake, nilikuwa nayo ndani ya sidiria. Nikamsomea ule mstari wa mhogo. Akauliza, "Mhogo mkubwa au mdogo?" Nikasema, "Mama yangu humenya upesi." Akauliza, "Nani alimzindua?"

Ndipo nikakumbuka, mama, nikamweleza. Nilikuwa nimelala mkekani, macho yanaona ukungu. Nilimwona bibi mkunga ameketi, ameshika shavu, amekata tamaa. Wewe ukamnyakua mtoto. Ukamnyonya puani na mdomoni kwa mdomo wako, ukatema, ukamnyonya tena. Ukampiga nyayo. Na ulikuwa unamwita, hakuwa na jina bado, ukamwita kwa jina lako, "Salima! Salima! Chukua hili langu, uje!" Na yeye akaja, analia. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumpa jina lingine.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema, "Mwandikie mama yako. Mwambie huo mhogo ungekuwa miwili au mitatu kama si yeye. Asingekuwepo, leo msingekuwa na mtoto wa kugombania kwa nini anakimbia."

Haya ndiyo niliyotaka uyasikie. Sikudanganyi kwamba kukawia kule hakukufanya kitu. Pengine kulifanya, sijui, na daktari hajui. Lakini mikono yako haina mkosi. Mikono yako ndiyo iliyomrudisha.

Daktari alituandikia karatasi ya mwalimu. Salima sasa anakaa mbele kabisa, anaambiwa jambo moja kwa wakati, fimbo hakuna, na akichoka kukaa anatumwa kufuta ubao au kupeleka chaki darasa la jirani. Juzi kaleta daftari. Mistari sita, mama! Wa saba umepinda ukaenda pembeni, lakini sita imenyooka. Baba yake kalitembeza daftari meza zote za mtaa, na meza yake kaiacha bila mtu, kama kawaida.

Sasa ombi langu. Huyu wa pili nitazalia hospitali, tumekubaliana wote, kwa kuwa safari ile niliumia na sitaki kurudia. Hilo si kukukataa. Wenye vyombo watafanya ya vyombo. Lakini nikitoka pale nataka niione kanga yako mlangoni, wewe ndiye umpokee, umkande, umwite. Njoo kabla mvua hazijafunga barabara ya kusini. Goti likikusumbua, kaa kiti cha mbele, mkweo ameshazungumza na dereva anayekuletea barua hii. Na akiwa huyu naye ni pia nyingine, tutazunguka naye. Tumeshajua kanga haifungi, inazungushwa tu.

Msalimie mjomba, mwambie shati lake la Idi lipo tayari na shingo ni moja. Msalimie bibi mkunga, simlaumu hata kidogo, alichoka kama mimi. Msalimie jirani yetu mwenye kinu. Hadija, wewe nimekuwekea vifungo vyekundu vya gauni, Salima mwenyewe kavichagua.

Ni mimi binti yako,
Rukia

Mkweo anataka kuandika kwa mkono wake. Amekaa mara tatu, ameinuka mara tatu. Huyu hapa kaja tena.

Shikamoo mama. Barabara bado nzuri, njoo. Rukia anakutaka, somo yako anakutaka, na mimi Pia.