Akipiga Simu Profesa Bessho

Toyama, tarehe 9 Juni

Mdogo wangu mpendwa Mitsue,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti lako limetulia tangu baridi iishe, na kwamba shemeji ameacha kupanda juu ya paa kama kijana. Chai uliyotuma ilifika, nami nakushukuru. Mwili wangu ni mzima. Moyoni nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Kwa hiyo keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unajua kwamba chuo anachosoma mwanao Kozue kiliniomba niwaandae wanafunzi kumi, yeye akiwemo, watakaokwenda Manila mwezi Agosti, kwenye mkutano wa vijana kuhusu mafuriko. Kazi yangu ni kuwafanya wazungumze Kiingereza mbele ya wageni bila woga. Mkuu wa safari ni Profesa Bessho, mtu mwenye maneno laini, asiyependa jambo lolote litokee bila kupangwa. Maswali huyagawa mapema: huyu atauliza hiki, yule atajibu hivi, na majibu yakaririwe. Nilimwambia kwamba hayo ni maigizo. Akacheka, akasema, "Mwalimu Kuwabata, usiwape watoto presha. Tukiwaacha hivihivi watatuaibisha."

Jumamosi walikuja wanafunzi kutoka Ufilipino kufanya mazoezi na wetu. Hawakuwa wameambiwa lolote kuhusu maswali ya Bessho. Wetu walipomaliza hotuba zao, msichana aitwaye Luzviminda aliuliza kwa nini, katika mafuriko yetu makubwa, wazee wengi walikataa kuondoka nyumbani ingawa walionywa. Lilikuwa swali la adabu, la mtu anayetaka kujua. Wetu wakatazama viatu vyao, kisha wakageukiana kunong'ona. "Sema wewe." "Wewe ndiye kiongozi, bwana!" "Hili mbona halimo?" Niliyasikia yote kutoka nyuma, masikio yakiniwaka moto. Mgeni akaanza kuomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Hapo Kozue akasimama.

Alianza kwa Kiingereza kile ninachomsahihisha kila wiki, kizito, kila neno limekatwa vipande. Alisema kwamba bibi yake alikataa kuondoka. Alipoendelea, sauti iliyotoka haikuwa ile. Mitsue, kilikuwa Kiingereza cha Dublin, cha mtoto aliyecheza mitaani huko hadi umri wa miaka kumi na mmoja. Mimi nilidhani kilimtoka zamani pamoja na meno ya utotoni. Alisimulia jinsi mama yetu alivyoketi chumbani huku maji yakivuka kizingiti, akisema hawezi kwenda kulala katika ukumbi wa shule na kuwasumbua watu kwa kikohozi chake, hadi jirani alipombeba mgongoni, mama akilalamika njia nzima. Alisema wazee wetu hawaogopi maji, wanaogopa kuwa mzigo. Kwa hiyo mzee asiamriwe kuondoka, aombwe aje kusaidia kuwatunza watoto pale ukumbini, naye atatoka. Luzviminda akacheka, akasema bibi yake angefanya vilevile, na wageni wote wakaanza kuzungumza kwa pamoja. Kozue aliacha kitenzi kimoja bila wakati wake. Nilikisikia. Kalamu yangu ilibaki mfukoni.

Wageni walipoondoka, wenzake wakamzunguka. "Kumbe tuna mzungu humu ndani!" "Miaka miwili unatuchora tu ukijifanya hujui, siyo?" Bessho aliniita ofisini, akasema Kozue amewavunja wenzake moyo, na kwamba kwa ajili ya maelewano ya kundi ni afadhali abaki, asiende Manila. Alhamisi jioni Bessho atakupigia simu, ili wewe mama uombe mwenyewe mwanao aondolewe, isionekane kwamba amefukuzwa.

Nilimwita Kozue na kumuuliza kwa ukali kwa nini amekuwa akilidhihaki darasa langu. Alinijibu hivi: "Mjomba, sikukudhihaki. Nimezoea." Akaniambia kwamba mliporudi kutoka Dublin alisoma Kiingereza kwa sauti darasani, nao watoto wakamwigiza kila siku hadi akakataa kula. Ndipo wewe ukamketisha mezani, ukamfundisha kulisoma upya kila neno kama wao. "Mama alirudia na mimi kila jioni, Mjomba, mpaka nikajua kukosea vizuri."

Ulifanya hivyo kwa upendo, najua, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Bessho naweza kupambana naye. Nimeshamwambia kwamba Kozue asipokwenda, nami siendi. Alicheka tena, maana anajua kwamba neno lako litamtosha.

Basi nisikilize. Ataanza na hali ya hewa, atakusifu kwa malezi, kisha atanyamaza ili wewe umalizie asichotaka kukisema. Usimmalizie. Nakujua, utainama kwa heshima hata kwenye simu. Inama, lakini useme hapana. Mimi nahangaika na vijana kumi ili waweze kulisema neno hilo kwa Kiingereza mbele ya wageni. Wewe nakuomba uliseme mara moja tu, kwa Kijapani, ukiwa nyumbani kwako.

Nisalimie shemeji, na usiache kulikanda goti kwa maji ya moto. Kozue atafika kwenu Jumatano. Simu itakapolia atakuwa jikoni, anasikiliza.

Ni mimi kaka yako,
Hisanori