Gendis, Kifua na Sarafu Yangu

Wiwik, leo nimeumbuka, sina pa kuweka uso!

Si unajua Gendis analia kifua siku ya nne? Mtoto wa miaka mitano! Nikajua ni moyo tu, kama babu yake. Nikamkimbiza kliniki, nalia kuliko yeye.

Dokta akamfungua blauzi amsikilize. Akakunja uso. Nikasema basi, moyo huo.

"Moyo mzima kabisa. Mwanangu, kifua kinauma ukikimbia?"

"Hapana."

"Kinauma lini?"

"Mama akinikwangua na sarafu."

AKINIKWANGUA NA SARAFU, Wiwik! Mbele ya manesi!

Jumatatu alikohoa, nikamkwangua kifua kwa sarafu na mafuta, kumtoa upepo wa baridi uliomwingia mwilini, kama mama alivyotufanyia sisi. Akalia kifua, nikamkwangua tena. Akazidi kulia, nikazidisha nguvu. Kifua kizima mistari myekundu, utadhani nimemlaza kwenye wavu wa kuchomea samaki!

"Wewe mama, upepo gani unatolewa kwa kumchuna mtoto? Umemuumiza ngozi na misuli. Koma!"

Nikaanza kumfunga Gendis vifungo.

Akainama kuandika. Shingoni kwake nyuma, mistari myekundu, mibichi, imenyooka kuliko yangu!

Gendis huyo: "Dokta, na wewe mama amekukwangua?"

Akavuta kola. "Mke wangu."